Nondo Kwenye Taa: Kweli au Si Kweli?

Mvua za vuli zikishakolea, taa ya baraza haikai peke yake. Kumbikumbi hutangulia, hupukutisha mabawa yao sakafuni na kwenda zao. Baada yao huja mbawakawa, kisha nondo wa kila sura: wa kijivu asiyefika sentimita moja, wa kijani mwenye mikia mirefu, wa kahawia anayetua ukutani na kukaa hapo mpaka asubuhi. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, kwa hiyo picha za nondo zimekuwa tele. Majina wanayopewa nayo yamekuwa tele, na mengi hayana msingi.

Yafuatayo ni madai yanayosikika sana kuhusu nondo wa taani na picha zao. Mengine ni ya uongo mtupu, mengine ya kweli, na machache yana ukweli nusu nusu, ambao ndio humpotosha mtu zaidi.

Dai: Nondo huja kwenye taa kwa sababu wanapenda mwanga.

SI KWELI. Angekuwa anaupenda angeufikia akatulia. Badala yake huzunguka, hugonga balbu, huanguka chali, huinuka na kuanza upya.

Mwaka 2024 Samuel Fabian na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti uliotumia kamera za kasi kurekodi wadudu wakiruka karibu na taa, maabara na porini huko Costa Rica. Waliona kwamba mdudu akiikaribia taa huielekezea mgongo. Mwilini mwake imo kanuni ya kale sana: upande wenye mwanga zaidi ndio juu. Usiku, hata usio na mwezi, anga huwa na mwanga zaidi kuliko ardhi, na kanuni hiyo humsaidia mdudu kuruka sawasawa. Balbu huivuruga. Akipita ubavuni mwake, mwili hulala upande na njia yake hujipinda kuwa duara. Akipita chini yake, hupanda wima mpaka mwendo unamwishia. Akipita juu yake, hupinduka miguu juu na kuporomoka. Watafiti walipotandaza kitambaa cheupe juu na kukimulika ili mwanga uenee kama wa anga, wadudu walipita chini yake bila taabu.

Wazo la zamani kwamba nondo hudhani taa ni mwezi halikuoana na njia zilizorekodiwa. Hata hivyo utafiti huo unaeleza yanayotokea karibu na taa tu. Hauelezi kinachomtoa mdudu mbali. Tena si wote wanaonaswa: nondo wa moleanda, Daphnis nerii, ambaye anapatikana pia Afrika Mashariki, alipita juu ya taa za maabara bila kupinduka.

Mpiga picha achukue funzo hapo. Nondo aliye ukutani karibu na balbu amekwama, hakuja kujionyesha. Ukishapata picha zako, zima taa aende zake.

Dai: Anayeruka mchana kwa rangi za kupendeza ni kipepeo, wa usiku na wa rangi iliyofifia ni nondo.

SI KWELI. Nenda misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ukamtafute Chrysiridia croesus. Huruka mchana, ana mikia nyuma ya mabawa, na mwili wake mweusi umetiwa kijani, dhahabu na nyekundu zinazobadilika kila anapojigeuza juani. Ni nondo. Ndugu yake wa Madagaska, Chrysiridia rhipheus, aliwahi kumchanganya hata mtaalamu: mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury alimweka katika Papilio, jenasi ya vipepeo, na nusu karne ikapita kabla Jacob Hübner hajamwundia jenasi yake mwaka 1823.

Dalili nzuri zaidi ni vipapasio. Vya kipepeo huishia na kirungu kidogo nchani. Vya nondo huwa kama uzi, au kama kitana chenye meno pande mbili. Jinsi anavyokunja mabawa husaidia kidogo tu, maana nondo wengi wa familia ya Geometridae huyalaza wazi ukutani, na wapo hata wanaoyasimamisha juu ya mgongo kama vipepeo. Hata kirungu si hakikisho: nondo wa familia ya Zygaenidae, wanaoruka mchana, wana vipapasio vilivyonenepa kuelekea nchani.

Sababu ya mipaka kuingiliana hivyo iko kwenye nasaba. Oda ya Lepidoptera ina spishi zipatazo 180,000 zilizokwisha kupewa majina, na vipepeo ni kama moja ya kumi tu. Utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba vipepeo ni tawi moja lililochipuka katikati ya mti wa nondo, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kinasaba, basi, kila kipepeo ni nondo aliyehamia mchana.

Dai: Nondo anayezunguka taa ndiye anayetoboa nguo kabatini.

SI KWELI. Nondo wa nguo, Tineola bisselliella, ni mdogo, wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi sana sentimita moja na nusu. Tena hukimbia mwanga. Ukifungua sanduku utamwona akikimbilia mikunjo ya kitambaa, wala hutamwona akijigonga kwenye balbu. Mkubwa wake hali chochote. Anayekula ni kiwavi, naye hutaka keratini, protini iliyomo katika sufu, nywele, manyoya na ngozi. Blanketi la sufu na zulia la sufu ni chakula chake. Kanga safi ya pamba haimfai. Ukiikuta imetobolewa, anza kwa kuwashuku mende na panya.

Yuko pia anayeonekana sana kwenye kuta za bafu na stoo katika nchi za joto: kifuko bapa cha rangi ya simenti, kipana katikati na chembamba pande zote mbili, kinachojikokota polepole ukutani. Ndani yake mna kiwavi wa nondo. Kifuko kiko wazi pande zote mbili, na ukimzuia mbele, hujigeuza humo humo na kutoa kichwa upande wa pili. Hula utando wa buibui, nywele na mabaki ya wadudu. Hata yeye hahusiani na wale wakubwa wa taani.

Dai: Vumbi la mabawa ya nondo likiingia machoni hupofusha.

SI KWELI. Vumbi hilo ni magamba madogo sana, yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae vya paa. Ndiyo yanayobeba rangi zote unazoziona pichani. Yanaweza kukuwasha macho au kukupigisha chafya, hasa wakiwa wengi, lakini hayana sumu ya kupofusha. Kinachostahili kuogopwa ni manyoya ya baadhi ya viwavi, ambayo huchoma na kuvimbisha ngozi. Hao usiwashike kwa mkono mtupu.

Kwa nondo mwenyewe magamba ni kinga. Akinasa kwenye utando wa buibui, magamba hubaki yameganda pale na yeye huchomoka. Ndiyo maana nondo mzee hupigwa picha akiwa na mabawa yaliyopauka na michoro iliyofutika. Mtu asiyelijua hilo hudhani amepata spishi mpya, kumbe amempata mkongwe.

Dai: Yupo nondo mwenye fuvu la kichwa mgongoni, na akishikwa hulia.

KWELI TUPU. Ni Acherontia atropos, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, na yupo sehemu kubwa ya Afrika. Fuvu ni mchoro wa magamba ya manjano mgongoni, nyuma ya kichwa. Sauti yake ni kikwiukwiu kama cha panya. Huitoa kwa kuvuta hewa ndani kupitia mrija wake mfupi mnene, kisha kuisukuma nje. Mrija huohuo hutoboa nta ya masega, kwani huingia ndani ya mizinga na kunywa asali. Nyuki hawamshambulii upesi kwa sababu mwili wake hutoa kemikali zinazofanana na harufu yao. Hana uchawi wala hatangulizi msiba. Kiwavi wake ameshiba majani ya viazi, nyanya au tumbaku ya shambani kwako.

Kwa mpenda picha, huyu ni zawadi. Jenasi ya Acherontia ina spishi tatu, na mbili kati yake ni za Asia. Ukipata picha inayoonyesha fuvu hilo, na umeipiga Morogoro au Kakamega, unaweza kuandika jina kamili bila wasiwasi. Kwa nondo walio wengi bahati hiyo haipo.

Dai: Picha moja nzuri inatosha kumtambua nondo yeyote.

NUSU KWELI. Inatosha kwa wachache wenye alama zisizofanana na za wengine, kama huyo wa fuvu au Argema mimosae, yule wa kijani mwenye mikia mirefu na macho ya duara mabawani. Kwa wengine wengi picha hukufikisha kwenye familia, pengine jenasi, kisha mlango hufungwa.

Mfano mzuri ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aliyeripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka 2017. Kiwavi wake hutambulika shambani: usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyojipanga mraba. Nondo wake ni kazi nyingine. Dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele, ila jike ni wa kijivu na kahawia tu, na katika picha ya usiku hatofautiki kwa urahisi na jamaa zake wa jenasi hiyohiyo walioko hapa tangu zamani. Atakayeandika jina la spishi chini ya picha ya jike huyo amekisia, hata kama amekisia sawa.

Wako wanaohitaji zaidi ya macho. Crambidae na Pyralidae, familia zinazojaa kwenye kila taa ya kijijini, hutenganishwa kwa umbo la sehemu za ndani ya sikio lililoko chini ya tumbo. Spishi nyingi za Noctuidae hutambuliwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini, kwa sababu hivyo hutofautiana hata pale mabawa yanapofanana. Tangu mwaka 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipopendekeza kipande kimoja cha jeni kitumike kama alama ya utambulisho, mguu mmoja mkavu wa nondo unaweza kutoa jibu maabara. Simu haina uwezo huo.

Unachoweza kufanya ni kuipa picha nafasi ya kusema zaidi. Piga kutoka juu, kamera ikiwa sambamba na mabawa, si kwa pembe. Piga ya ubavuni, uso na vipapasio vionekane. Nondo akifunua bawa la nyuma, wahi hapohapo: rangi ya bawa hilo mara nyingi ndiyo inayoamua, na ndilo linalofichwa akitulia. Weka rula au sarafu kando yake, maana bila kipimo nondo wa sentimita mbili na wa sentimita nane hutoka sawa kwenye kioo cha simu. Zima fleshi kama ukuta mweupe unamrudishia mwanga akapauka. Kisha andika mahali, tarehe, saa na mimea iliyo jirani.

Dai: Programu ya simu ikishatoa jina, kazi imekwisha.

SI KWELI. Programu kama iNaturalist ni msaada mkubwa, lakini hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kutumwa na kutambuliwa na watu. Ulaya na Marekani zimetuma picha nyingi sana. Nondo wengi wa Afrika wana picha chache au hawana kabisa. Asiyekuwemo kwenye picha hizo hawezi kutajwa, na programu hukupa anayefanana naye zaidi miongoni mwa inaowafahamu.

Kosa la kawaida ni hili: mtu anapiga picha ya nondo mkubwa wa kahawia nyekundu, mwenye vidirisha vinavyopitisha mwanga mabawani, kisha anapata jina Attacus atlas. Huyo ni wa Asia. Aliyeko ukutani kwake, kama yuko Afrika Mashariki, huenda ni wa jenasi ya Epiphora, kwa mfano Epiphora mythimnia, ambaye kweli ni jamaa wa karibu wa yule wa Asia. Kufanana si bure, ila jina ni kosa.

Dawa ni maswali mawili kabla ya kubonyeza kukubali. Je, spishi hiyo imewahi kuonekana nchini kwako au nchi jirani? Je, kuna jamaa zake wengine hapa wanaofanana nayo? Tovuti ya Afromoths, inayokusanya taarifa za nondo wa Afrika kusini mwa Sahara, hujibu swali la kwanza kwa haraka. Kumbuka pia kwamba alama ya kiwango cha utafiti kwenye iNaturalist huja pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wanapokubaliana. Wawili wakikubaliana kwa kufuata programu ileile, kosa moja limehesabiwa mara mbili.

Dai: Waliofika kwenye taa yangu ndio nondo wa eneo langu.

SI KWELI. Taa huchagua. Balbu yenye mionzi ya urujuanimno na mwanga wa buluu huleta wengi. Ya LED ya manjano huleta wachache. Mbalamwezi hupunguza mavuno, upepo na baridi hali kadhalika. Wengine huja magharibi, wengine saa nane ya usiku ukiwa umelala. Spishi nyingi huleta madume zaidi ya majike. Nondo wa mchana hawaji, na wapenda matunda yaliyooza huvutwa zaidi na ndizi iliyochacha kuliko balbu.

Mtu aliyelichimba jambo hili ni C. B. Williams. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha akaendesha mtego wa taa huko Rothamsted, Uingereza, kuanzia mwaka 1933. Mwaka 1943 yeye, R. A. Fisher na A. S. Corbet walichapisha makala ambayo wanaikolojia huitumia mpaka leo. Hesabu za mtego huo zilionyesha mpangilio usiobadilika: spishi chache huja kwa mamia, na spishi nyingi huja mojamoja. Maana yake ni kwamba kila usiku unaoongeza huleta mgeni mwingine, na orodha yako haifungwi.

Hilo halifanyi taa kuwa bure. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walitumia hesabu za mitego ya taa kufuatilia jinsi nondo wa viwavijeshi vya Afrika, Spodoptera exempta, wanavyosafiri na pepo za msimu kabla viwavi hawajavamia mahindi na malisho. Siri yao ilikuwa kutumia mitego ya aina moja usiku baada ya usiku, ili wanapolinganisha hesabu wawe wanalinganisha vitu vinavyolingana.

Dai: Mwenye vipapasio kama manyoya ni dume.

KWELI KWA BAADHI YA FAMILIA. Katika Saturniidae, familia ya wale wakubwa wenye macho mabawani, dume ana vipapasio vipana vyenye matawi mengi, na jike ana vyembamba zaidi. Ni chombo cha kunusia. Jike hutulia na kutoa harufu. Dume hufuata harufu hiyo gizani. Kemikali ya kwanza ya aina hii kutambuliwa ilitoka kwa nondo wa hariri, Bombyx mori, mwaka 1959: Adolf Butenandt na wenzake walilazimika kukamua tezi za majike wapatao nusu milioni ili kupata kiasi kidogo sana cha kuchunguza.

Saturniidae hawana mdomo unaofanya kazi. Hula wakiwa viwavi, na wakitoka kwenye kifukofuko huishi siku chache kwa akiba ya mwilini, wakitafuta mwenzi tu. Ukimpata mmoja ukutani, usimhangaikie kwa maji ya sukari. Kwa familia nyingine kanuni ya manyoya haifai: Sphingidae hawana vipapasio vya namna hiyo, dume wala jike, na wapo majike wenye manyoya kidogo katika familia mbalimbali.

Dai: Ukitikisa funguo karibu na nondo, huanguka.

KWELI, kwa wenye masikio. Mlio wa funguo una sauti za juu sana ambazo sisi hatuzisikii, zinazokaribiana na zile anazotoa popo akiwinda. Noctuidae wana masikio kifuani, Geometridae tumboni. Kenneth Roeder wa Marekani alionyesha kwamba sikio la Noctuidae hufanya kazi kwa seli mbili tu za kusikia: moja humwambia popo yuko mbali, hapo nondo hugeuza njia, nyingine huamka popo akiwa karibu, hapo hujitupa chini ovyo.

Saturniidae hawana masikio na hawatashtuka. Kinga ya baadhi yao ni mikia mirefu, ambayo huzunguka wanaporuka na kumfanya popo aume mkia akaacha mwili. Kwa hiyo mtikiso wa funguo unaweza kukupa dalili ya ukoo ambayo picha haikukupa. Ni dalili tu: nondo aliyechoka hukaa kimya hata akisikia.

Dai: Jina la kisayansi likishawekwa halibadiliki.

SI KWELI. Mwaka 1862 Charles Darwin alitabiri kwamba ua la Angraecum sesquipedale la Madagaska, lenye mfuko wa asali mrefu kupita kiasi, lazima lina nondo mwenye mrija wa kulifikia. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan walimtangaza nondo huyo kuwa nususpishi ya Xanthopan morganii, anayeishi Afrika bara, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 2021, baada ya kulinganisha maumbo na vinasaba, yule wa Madagaska alipandishwa kuwa spishi kamili, Xanthopan praedicta. Mdudu ni yuleyule. Kilichobadilika ni ujuzi wetu.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliwakumba wenye vitabu. Elliot Pinhey aliandika kitabu cha nondo wa kusini mwa Afrika mwaka 1975, na picha zake bado zinasaidia. Humo utakuta Arctiidae na Lymantriidae zikiwa familia zinazojitegemea. Leo zote mbili zimo ndani ya familia moja kubwa, Erebidae. Ukiona kitabu na tovuti vinapishana, tazama mwaka wa kuchapishwa kabla ya kumlaumu yeyote.

Dai: Nondo hawana faida shambani zaidi ya kuzaa viwavi waharibifu.

SI KWELI. Uliza mpapai. Mpapai jike unahitaji chavua kutoka mpapai dume, na maua yake yenye harufu huwavuta wageni jioni. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson, uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wachavushaji wakuu wa mipapai ya mashambani ni nondo wa familia ya Sphingidae, na kwamba ukaribu wa shamba na uoto wa asili una maana kubwa kwa uchavushaji huo. Ua la jike halina asali. Nondo huliingia kwa kulidhania la dume, na kwa kosa hilo tunda hutunga. Mkulima anayekata vichaka vyote na kuwasha taa kali za ulinzi usiku kucha huku akilalamika kwamba mipapai haizai, ana mahali pa kuanzia uchunguzi.

Dai: Kuandika familia au jenasi tu, bila spishi, ni kazi nusu.

SI KWELI, na hapa ndipo wengi huharibu. Kuna aibu fulani ya kuacha jina likiwa fupi, hivyo mtu huongeza spishi ili orodha ipendeze. Kosa hilo halibaki kwake: huingia kwenye ramani za mtandaoni, humwonyesha mdudu mahali asipokuwepo, na hata huifundisha programu kukosea tena. Atakayekuja baadaye akiona jina kamili hatalichunguza upya, atadhani limeshathibitishwa.

Rekodi inayosema "Spodoptera, jike, Kilosa, Machi, saa tatu usiku", yenye picha tatu na kipimo kando, imebaki wazi kwa mjuzi. Akija mtu anayelifahamu bawa la nyuma, ataikamilisha hata baada ya miaka kumi. Taja mpaka pale picha inapofika, kisha uache nafasi.